Viota Ambavyo Hakuna Aliyeviona

Emérence aligundua jambo hilo akiwa anaingiza hesabu za viota vya sokwe kwenye kompyuta, katika ofisi ya utafiti mjini Bukavu. Fishi, yaani karatasi za kujazia hesabu, za msitu wa Mwenga kwa kawaida hufika zikiwa na matope na wino uliotawanywa na mvua. Za miezi minne ya mwaka uliopita zilikuwa safi, na kila mwezi zilikuwa na viota kumi na tisa.

Alimpigia simu Stanislas, mfuatiliaji wa sokwe aliyezijaza. Mzee huyo alishuka Bukavu siku ya tatu, akaketi mbele ya meza ya Emérence bila kuvua koti.

"Papa Stanislas, hizi uliziandikia wapi?"

"Ku nyumba."

"Haukuingia mu pori?"

"Hapana, maman. Watu ya bunduki walifunga njia. Nilijua viota bilikuwaka wapi, nikaandika vile bya zamani."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Mulisema fishi ikikosa, kazi itakatika. Mimi niko na ile kazi moja tu."

Emérence alikumbuka kwamba ni yeye aliyeyasema maneno hayo, kwenye mafunzo, mbele ya wafuatiliaji wote. Alimmiminia chai, wakanywa.

Mchana alimweleza mkuu wake, Adalbert. Mkutano wa watafiti wa Kongo, Rwanda na Burundi ulikuwa umebakiza siku sita, na mchoro wa Emérence wa idadi ya viota ndio uliotarajiwa kuonyesha kwamba sokwe wa Mwenga hawapungui.

"Uache vile iko," Adalbert alisema. "Miezi ine haibadilishe kitu."

"Hatujue kama haibadilishe, chef. Hakuna mutu aliona."

Emérence aliifuta miezi ile kwenye mchoro. Mkutanoni mstari wake ulikatika katikati, na mtafiti mmoja kutoka Rwanda akauliza sababu. Emérence alieleza yote isipokuwa jina la mzee. Kisha mtu mwingine akauliza kuhusu mvua. Makala aliyokuwa ameiandikia jarida kutokana na mchoro huo ilirudishwa: data hazitoshi. Adalbert alimwondoa Stanislas kwenye orodha ya wafuatiliaji. Emérence alipinga kwa barua moja, na hakupata jibu.

Mwezi wa saba, njia ilipofunguka, alimwomba mzee amwongoze msituni kwa posho ya ofisi. Alidhani atakataa, lakini alikubali. Walitembea siku nne. Miti mikubwa ya bondeni ilikuwa imekatwa kwa ajili ya makaa, na Stanislas, aliyeijua mmoja mmoja, alisimama kwenye kila kisiki akiutaja mti wake. Walipata viota sita tu.

"Nilijua biko kumi na kenda," alisema taratibu. "Nilikuwa najua kabisa."

Emérence aliandika sita kwenye fishi, akatia sahihi, akamwomba mzee atie yake chini. Mzee alisita, akafuta mkono kwenye suruali, akatia.