Vifungo vya Safu ya Chini

…si hiki, hiki ni cha plastiki, hata nikifumba macho najua, plastiki ni nyepesi na ya vuguvugu, haina heshima mkononi, kifungo cha kombe la baharini ni baridi hata saa sita mchana na ukikigusisha kwenye jino kinakwaruza kidogo, "Mama, nitafutie kifungo cha kombe, cha safu ya chini," amesema Nosakhele, mke wa marehemu mwanangu, amekaa hapo upande wa pili wa meza na sketi imemjaa mapajani, sketi ya umbhaco, nyeupe, nzito, yenye mistari ya utepe mweusi ambayo tumeishona wiki nzima sisi wawili, yeye huku mimi kule, na mkono wangu umezama ndani ya kopo la vifungo na sitaki kuutoa, maana nikiutoa itabidi utoke na kitu, acha nitafute, bibi kizee akitafuta hakuna wa kumharakisha, macho mabovu, vidole vinauma, visingizio ninavyo tele… hiki cha shaba kilikuwa cha koti la jeshi la baba mkwe wangu, hiki cha rangi ya maziwa cha sare ya nesi, hiki chenye matundu mawili kilianguka kanisani nikakikanyaga kwa kiatu mpaka watu walipotoka, hiki sikijui kabisa, kila kopo lina kifungo kimoja kisichojulikana kimetoka wapi na kila mara ndicho kinachokuja juu.

"Mke wa diwani anavitaka vya zamani tupu," anasema bila kuinua macho, "hataki vya dukani," na mimi naitika mm, mke wa diwani, sawa, mke wa diwani… mke wa diwani akiingia kwangu hupita mlangoni kiubavu, mguu wake mmoja tu haupiti kwenye kiuno hiki, na huyu mtoto ananiambia mimi, mimi niliyeshona viuno vya kata nzima mpaka Centane mjini, eti hii ni ya mke wa diwani, kiuno hiki nakijua, nilikipima kwa mikono yangu tulipotoka kumzika Sindile, kwa shubiri, sikuwa na nguvu hata ya kutafuta futikamba, nikamshonea gauni jeusi la ujane, na yeye alisimama kimya ameinua mikono kama mtoto anayevishwa, kiuno hakijabadilika, umbhaco unalala mrefu mpaka vifundoni kama wa bi harusi, na yeye anadhani sioni, mtu anaweza kumdanganya fundi kwa mambo yote ya dunia lakini si kwa kiuno. Nimejitia hamnazo. Wiki nzima nimejitia hamnazo, nashona, nakohoa, naulizia chumvi, kwa sababu siku nitakayosema najua ndiyo siku itakayokuwa kweli.

"Kule Ngcobo wanasema mvua imenyesha vizuri," anasema, na mimi nasema Ngcobo mvua hunyesha siku zote, maskini, alikuwa anatafuta mlango wa kuingilia nami nimemfungia, Ngcobo ndiko kwao Zolile, Zolile yule mchomelea vyuma, aliyekuja majira ya baridi kuunga geti langu, geti likapona siku ileile, lakini yeye akarudi kulitazama, akarudi kulitia mafuta, akarudi tena kuuliza kama bado linalia usiku, geti hilo halijapata kutunzwa namna hiyo tangu liwekwe, mpaka jirani yangu MaRhadebe akaniita ugani, "MaBhele, geti lako lina maradhi gani hayo yasiyopona?" nikamwambia, "Angalia la kwako linaloegemea mti," naye akacheka, akasema, "La kwangu lingekuwa na mjane mzuri nyuma yake lingetengenezwa pia," na nikaingia ndani nikaubamiza mlango, nikakaa kitandani roho inaniuma… simchukii huyo kijana, hapo ndipo anaponiudhi, angekuwa mlevi ningejua la kusema, lakini anavua kofia, anakunywa chai yake na kikombe anakiosha mwenyewe, hata jina la Sindile analitaja kwa taratibu, alilitaja siku ile alipoiona picha ukutani, akauliza, "Mama, huyu ndiye Sindile?" nikasema ndiye, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Vifungo hivi vimepangwa kwa upendo."

Vimepangwa na Nosakhele, vile vinavyozunguka fremu ya picha, vikubwa, vya makoti… mwanangu alipougua figo vidole vilimvimba hata akashindwa kujifunga shati, na yeye hakutaka kufungwa na mke kama mtoto mchanga, aliona haya, alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda anahangaika na kifungo kimoja mpaka jasho linamtoka na hakuna aliyethubutu kumsaidia, ndipo huyu, huyu hapa, alipokuja kwangu bila kusema kitu, akaliinamia kopo hili, akachagua vikubwa kuliko vyote, vya makoti, vya shaba, akang'oa vile vidogo kwenye mashati yote, akatoboa matundu upya, na Jumapili Sindile akaenda kanisani na vifungo vya jeshi kwenye shati jeupe, watu wanamwita Jenerali, naye anawapigia saluti, alicheka siku ile, mwanangu, alicheka mpaka akashika ubavu, nilikuwa sijamsikia akicheka kwa miezi… na alipokufa, kabla nguo zake hazijafuliwa na kugawiwa ndugu, Nosakhele alivikata vile vifungo kimoja kimoja, hakuna aliyemwagiza, na ujane wake ulipokwisha na gauni jeusi likachomwa nyuma ya zizi mimi nilikwenda jikoni kumpikia chakula cha safari, nilijua atafunga mzigo, Sindile hakumwachia mtoto, hakumwachia shamba, nini kingemweka hapa na kizee mwenye mdomo kama wangu, lakini niliporudi nilimkuta amemwaga kopo zima juu ya meza hii anavipanga kwa rangi, akasema, "Mama, jagi la maziwa halina kifuniko, nzi wataingia," akafuma kitambaa cha nyuzi akakitia vifungo pembeni kiwe kizito, kisha mapazia, kisha mito ya viti, kisha kile kivuli cha taa ambacho kikiwashwa ukuta mzima unajaa vidoa vya mwanga, nyumba yangu sasa imekuwa vifungo tupu, MaRhadebe anasema akikaa kwangu sana ataamka asubuhi ana matundu manne mgongoni.

"Mama, kuna jambo nilitaka…" "Chai yako inapoa," nasema, na mkono haujatoka koponi, navisikia vinateleza kati ya vidole, sauti yao kama mahindi makavu, anakunywa chai, mtiifu, kitambaa kichwani amekishusha mpaka kwenye nyusi kama kanuni inavyotaka mbele yangu, miaka yote hii hajakipandisha hata siku moja hata kwenye joto… akienda nitamgombeza nani, redio? Nani nitamwambia uzi wake ni mrefu mno, utajifunga fundo, na yeye ajibu ndiyo Mama na asiupunguze? Nitapika umngqusho kiasi gani, mahindi na maharage ya mtu mmoja hayaivi vizuri, hukauka sufuriani, najua, niliyapika hivyo Sindile alipokuwa Johannesburg kabla hajaoa, ukila peke yako unakula umesimama. Naogopa. Basi nimesema, naogopa, na hakuna anayesikia.

Na la kuniudhi zaidi ni hivi vifungo, aende, sawa, ni kijana, damu yake bado ya moto, sikuwa mjinga kiasi cha kudhani atanizika, lakini kwa nini aondoke na vifungo vyangu, ana hela zake za mito anayouza, mjini wapo wauzaji wa vya kombe vinavyong'aa kuliko hivi, na bado anauliza hivi vyangu, vya mama yangu na mama yake, walivyonunua kwenye duka la njia panda vikiwa bado vimeshonwa kwenye kadi, na si kwa popote, kwa safu ya chini, anajua fika safu ya chini ni nini, kwetu msichana akiolewa safu zote anaweza kuzishona yeyote, shangazi, jirani, fundi wa kulipwa, lakini safu ya chini mama yake hulifungua kopo lake akavichagua kwa mkono wake, ili huko aendako, anapokaa mkekani katikati ya wageni na kichwa ameinamisha, macho yake yaangukie kitu cha kwao, ndiyo maana yake, mimi mwenyewe nilikaa nikivihesabu siku nzima wakati mashangazi wa hapa wananisema, ni vya mama, ni vya mama, na huyu mtoto anakaa hapo anasema nitafutie cha safu ya chini kana kwamba anaomba chumvi…

Ngoja. Ngoja kidogo, MaBhele, tulia… alipokuja kuolewa na Sindile safu yake ya chini ilikuwa ya plastiki, naikumbuka, ya samawati, vifungo vya shati la shule, mashangazi wakakonyezana, mama yake alikuwa amekufa zamani, aliyemleta ni yule mjomba kutoka KwaBhaca aliyekula nyama akaondoka kabla ya chai, na mazishi ya Sindile hakuja, na ujane wake wote hakuja hata kuuliza mtoto wa dada yake anakula nini, basi huyu akiolewa sasa atatokea mlango upi, wazee wa hapa watasema mjane arudi kwao akaolewe kutoka kwao, kwao wapi, kwa mtu asiyengoja hata chai, atakwenda Ngcobo na safu ya chini tupu mara ya pili, ataketi mkekani ainamishe kichwa aone nini… hanichukulii. Mjinga mimi. Wiki nzima nimekaa hapa nimekunja uso kama niliyeibiwa, kumbe haniibii, ananiomba, na anaomba kwa njia pekee aliyonayo, maana hayo maneno mke wa mwanao anakuambiaje, anaanzia wapi, Mama, naomba unioze, hakuna lugha ya jambo hilo, hakuna desturi, basi ametafuta kifungo, na jana ameomba, na juzi ameomba, na mimi nimempa vya plastiki na kumwambia macho yangu mabovu, na yeye akavishona, kisha usiku akavifumua, nimeyaona matundu ya sindano asubuhi nikadhani amekosea mstari.

Jina hili Nosakhele tulimpa sisi, alipofika, kama kila bi harusi anavyopewa jina na wakwe zake, la kwao liliishia mlangoni, halitamkwi hapa, liko kwenye kitambulisho tu, nililisikia mara moja kliniki, nesi alilitaja na huyu akasimama haraka, uso umemchangamka kama mtu aliyeitwa na rafiki wa zamani, na mimi nikaona wivu, wa nini sijui… Sindile, mwanangu, usinikasirikie, wewe ndiye uliyemleta, ukaniachia, mtu hawezi kuachiwa kitu namna hiyo kisha akaambiwa akitoe kama sufuria anayoazimwa mgeni, nikimtoa nitamtoa kama wangu.

"Phumeza," nasema, jina lile la kliniki.

Sindano imesimama. Hainui uso, kitambaa kimemfunika nyusi, naona kidevu tu, na mimi nakohoa, nasema, "Huyo daktari wa mageti, mwambie wazee wake wasihangaike na basi la KwaBhaca, huko hakuna mtu, waje hapa, wasimame nje ya zizi waite kama watu wenye adabu, na tutawaacha wapigwe jua kidogo kabla ya kuwaitikia," na yeye, kwa sauti ndogo, "Mama umejua lini?" "Nilipoona kiuno. Mke wa diwani, eti. Unamwona mke wa diwani anapumua ndani ya hicho?" Amecheka, analia na kucheka pamoja, amejifuta kwa pindo la umbhaco, "Hiyo nyeupe, itaingia doa," nasema, "ndiyo Mama," anasema na anaendelea kujifuta nalo, na mkono wangu bado umo koponi, sijapata nilichoambiwa nitafute, nikikipata nitakishona mwenyewe, vyote nitavishona mwenyewe, lakini kwanza lazima niende kwa shemeji yangu Mzimasi, yeye ndiye atakayesimama upande wetu, ataguna, atauliza tangu lini mjane wa Sindile anaposwa kwetu, nitamwambia haposwi mjane wa Sindile, anaposwa binti yangu, akiguna tena nitamwambia nitakaa mimi mwenyewe kwenye kiti chake, hilo litamnyamazisha, na bia ya mtama itengenezwe mapema, na MaRhadebe nitamwambia mimi kabla hajajiambia, na huyo kijana wa Ngcobo akija na wazee wake sitamchekea, siku hiyo hapana, atakuta uso wa mama wa msichana, na sijui huo uso unakuwaje, mimi nilizaa mtoto wa kiume mmoja tu, uzee huu wote na sijawahi kuombwa binti, itabidi nijifunze.