Suruali ya Dereva wa Boza

Tangu apasuliwe kongosho, kila mtu nyumbani alimwambia mama mshonaji kwamba amepona. Si uvimbe umetolewa? Mwanawe, aliyekuwa akiishi naye, alishautangazia ukoo mzima kwa simu, na wageni wakakoma kuja. Hakuna aliyeelewa kwa nini bado anakwenda hospitali kutundikiwa dripu. Yeye naye hakuwa na nguvu ya kueleza kwamba daktari anawinda mabaki yasiyoonekana kwa macho, wala kwamba dawa ile inamfanya aogope baridi, hata ya maji ya bomba: yakimgusa tu, vidole vinawaka kama ameshika miiba.

Aliyeelewa alikuwa mmoja, dereva wa boza la maji, jirani yake kwenye chumba cha dripu. Naye alikuwa na ugonjwa uleule, na upasuaji uleule.

"Dada, mimi nimesambaza maji mji mzima," alimwambia siku walipojuana. "Leo glasi ya maji baridi inanitoa mbio!"

Mama alicheka mpaka nesi akageuka.

Siku moja dereva aliinuka kwenda msalani, mkono mmoja ukisukuma stendi ya dripu, mwingine umekamata kiuno.

"Suruali inanikimbia, dada."

"Niletee nyingine niipunguze."

Akaileta. Nyumbani, mama akaishona kwa mkono, maana miguu haikuwa na nguvu ya kukanyaga cherehani. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Sindano ilimchoma asijue, mpaka alipoona doa la damu kwenye kitambaa. Akafua kwa maji ya uvuguvugu, akafumua, akashona upya.

"Mama, si upumzike tu?" mkwewe alimwambia akipita. Hakungoja jibu.

Mama aliporudi hospitali, kwenye kiti alichozoea dereva alikaa mtu mwingine, amejifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Ameacha dawa, mama," nesi alisema taratibu. "Ugonjwa umeingia kwenye ini. Yuko kwa dada yake, mbali. Ngoja nimpigie, akitaka, mtaongea."

Alitaka.

"Suruali yako iko tayari," mama akasema.

"Dada, hata hiyo sasa itanikimbia." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Wewe maliza dawa. Usije ukaacha."

"Na wewe je?"

"Mimi nipo. Dada yangu ananipashia maji." Kisha, kwa sauti ya chini, "Asante kwa kuzungumza nami."

Jioni mwanawe alimkuta sebuleni.

"Za hospitali, mama? Wanakusumbua bure, umeshapona."

"Sijapona. Natibiwa. Na leo rafiki yangu ameniaga."

Kijana akaweka simu mezani. "Rafiki gani?"

Mama akaanza kumsimulia habari za boza, za maji baridi, za kicheko kile. Mwanawe aliitikia kwa kichwa, lakini simu ilipoita macho yake yakamwacha mama, na mkono ukaifuata. Mama akainuka katikati ya sentensi. Kijana hakuuliza kilichofuata. Mama akaenda jikoni kujipashia maji ya kunawa.