Mmiliki wa Folda

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, Fundi Mkuu alifungua chumba cha seva kwa ufunguo aliokuwa akiuvaa shingoni kwa miaka kumi na tisa, akapangusa kiti kwa leso, akaketi. Nyuma yake alisimama fundi wa mkataba, ambaye chuo kizima kilimwita Dada Waya, ameshika daftari lenye hatua za kusakinisha mfumo huria wa kufundishia. Hatua kumi na moja alikwisha kuzikamilisha mwenyewe: kanzidata imeundwa, programu imewekwa mahali pake, na ukurasa wa kwanza ulionekana kwenye kila kompyuta ya maktaba. Ilibaki moja, nayo ilihitaji nywila kuu ya seva, ambayo hakuijua mtu yeyote isipokuwa Fundi Mkuu.

"Ni ile folda ya kuhifadhia kazi za wanafunzi, Mzee wangu," alisema Dada Waya. "Uiandikie umiliki kwa jina la mfumo. La sivyo kazi zitatumwa na mfumo hautakuwa na pa kuziweka."

"Nilikuwa naandika amri hizi wewe bado unanyonya."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," alisema, akacheka bila kinyongo, akaenda kuwaelekeza wanafunzi waliokuwa wakimngoja.

Kukosa kinyongo kwake ndiko kulikomchoma Fundi Mkuu. Wiki iliyotangulia, katika kikao cha walimu, Mkuu wa chuo alimwomba binti huyo maoni kabla ya kumwomba yeye, kisha akatangaza kwamba jaribio la kwanza likipokelewa na mfumo kufikia Ijumaa, binti huyo ataajiriwa moja kwa moja. Fundi Mkuu alinong'ona, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Mwalimu wa hesabu alimsikia. "Wewe Mzee hata hayo maji hujawahi kutuletea," alisema, na kikao kizima kikacheka. Kicheko hicho kilikuwa kingali kimemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Aliandika amri. Mahali pa jina la mmiliki aliandika jina lake mwenyewe, akabonyeza. Seva ikatii, kwa kuwa seva haimuulizi mtu nia yake.

Jioni hiyo, saa kumi na mbili, kazi za wanafunzi zilianza kufika nyumbani kwake. Insha zilipita chini ya mlango, bado zina joto. Michoro ya ramani ilijibandika ukutani kwa kufuata ukubwa. Majibu yaliyorekodiwa kwa sauti yaliingia kwa adabu, yakaketi kwenye kochi, yakakohoa kidogo, yakangoja kusikilizwa.

"Wangapi hawa?" aliuliza mkewe.

"Mia mbili na arobaini."

"Ungenambia mapema, Baba Watoto. Viti havitoshi."

Fundi Mkuu alivaa miwani, akazisoma zote. Kila moja ilianza kwa maneno yaleyale: "Dada Waya, asante kwa kutuelekeza." Alirudia kuzisoma, safari hii akianzia mwisho. Zote zilikuwa mali yake kisheria, na hakuna hata moja iliyomtaja.

Jumatano Dada Waya alimkuta mlangoni mwa chumba cha seva.

"Shikamoo, Mzee wangu. Folda imeandikwa jina lako."

"Marahaba. Imeandikwa?"

"Imeandikwa. Ni mstari mmoja tu kuibadilisha."

"Nitaangalia."

"Mzee wangu, Ijumaa ni keshokutwa."

"Kalenda ninayo, mwanangu."

Alhamisi jioni Mkuu wa chuo alimtembelea Fundi Mkuu nyumbani. Aliruka marundo mawili ya insha, akajipenyeza kwenye kochi baina ya majibu mawili ya fizikia, akapokea kikombe cha chai.

"Naona kazi zimefika."

"Zimefika."

"Lakini hazikufika chuoni."

"Hazikufika."

Mkuu alikoroga chai. Jibu lililokaa kulia kwake lilieleza kanuni ya mwendo kwa ufasaha, naye akalisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Wewe una miaka kumi na tisa pale," alisema hatimaye. "Yeye ana miezi mitatu." Akamshukuru mama mwenye nyumba, akaaga.

Ijumaa mkataba wa Dada Waya ukaisha. Aliliacha daftari lake juu ya meza ya Fundi Mkuu, limefunguliwa kwenye hatua ya kumi na mbili, na kalamu juu yake.

Jumatatu iliyofuata, mbele ya walimu wote, Fundi Mkuu aliandika upya jina la mmiliki kama daftari lilivyoelekeza. Ilimchukua nusu dakika. Mfumo ukaanza kupokea kazi, na Mkuu akasema kwamba hapana budi kuwaheshimu waliotangulia. Mwalimu wa hesabu alipiga makofi kuliko wote. Fundi Mkuu alisimama wima, mkono juu ya ufunguo wake, akisubiri ule mwiba ushuke. Haukushuka.

Jioni alirudi nyumbani upesi, akitumaini kukuta nafasi. Kazi mpya hazikuja tena, lakini zile mia mbili na arobaini hazikuwa zimeondoka. Mkewe alikwisha kuzizoea. Alikuwa amezitandikia mkeka na kuzifungulia dirisha. Kiti cha Fundi Mkuu kilikaliwa na jibu la binti mmoja wa mwaka wa kwanza.

"Samahani," jibu lilisema kwa heshima. "Dada Waya yupo?"

"Hayupo."

"Haidhuru. Tutamsubiri."

Likasogea kidogo kumpisha. Fundi Mkuu akaketi kwenye nusu ya kiti chake, akavaa miwani, akaichukua insha ya juu kabisa, akaanza tena kutafuta jina lake.