Sindano ya Alhamisi

Kokwijuka wa Kimuli aliwadharau watu wengi, lakini dharau iliyo nene zaidi alimwekea Cassian, dresa wa zahanati. Cassian alikuwa kijana wa Bukoba aliyefundishwa kuchoma sindano kwa miaka miwili, akaletwa huku na kaptula iliyotiwa wanga hadi ikaweza kusimama yenyewe. Ukimwamkia, alikuitikia huku macho yake yameshakwenda kwa mgonjwa mwingine. Kokwijuka alisema mbele za watu kwamba kijana yule ukimvua kaptula hubakiwi na kitu cha kuamkia.

Hata hivyo alimpelekea mumewe, maana hapakuwa na kwingine. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya vita ya Hitla. Rwezaura alikwenda kukata miti porini karibu na mto Kagera, ndorobo wakamuuma, akarudi na malale. Alianza kusinzia na tonge mkononi, mwisho akalisahau hata jina la binti yake Eugenia. Daktari wa wilaya alisema ugonjwa umeshapanda kichwani, akamwandikia sindano kali ya kila Alhamisi. Wale ambao malale yao yalikuwa bado kwenye damu walichomwa dawa nyingine, siku ya Jumatatu.

Sindano ilifanya kazi, hilo Kokwijuka hakulikana. Baada ya Alhamisi tatu Rwezaura alimaliza chakula chake, akamwita Eugenia kwa jina, akauliza ni mjinga gani aliyeipogoa migomba yake namna ile. Mjinga mwenyewe alikuwa Kokwijuka. Alilia kwa furaha, kisha akamgombeza mumewe kwa kumliza.

Baada ya sindano ya nne, Rwezaura alikuwa ameketi mlangoni akasema, "Mama Eugenia, naona cheche. Zinamemeta mbele ya macho."

"Cheche mchana!" Kokwijuka akaangua kicheko. "Juzi ulikuwa huujui hata mdomo wako ulipo, leo unaona cheche. Basi njoo uniwashie moto, tupunguze kuni."

Rwezaura naye akacheka, na habari ya cheche hakuitaja tena. Ilipopita sindano ya saba akaanza kugonga miimo ya milango. Mbuzi akisimama ubavuni kwake, hamwoni. Alipobanwa alikiri kwamba pembeni pote pameziba, anaona kwa kuchungulia tu kama kwenye tundu, na hata hapo katikati pameanza kuingia ukungu. Kilichobaki cha macho yake kilikuwa tundu hilo, na Alhamisi ya nane ilikuwa wiki moja mbele.

Wenye kujua wakajua. Mganga wa ramli akasema marehemu baba yake Rwezaura amekasirika, anadai mbuzi mweusi. Kokwijuka akamjibu kwamba mkwewe alipokuwa hai alishindwa kumkasirikia hata kuku aliyeingia jikoni, nguvu hizo kazipatia kaburini? Cassian akasema ni rubisi.

"Ninyi watu wa vijijini mnakunywa pombe ya ndizi mpaka macho yanaoza," alisema, akifuta sindano yake.

Tangu augue, Rwezaura hakuwa ameonja rubisi hata tone. Kokwijuka akawaacha wenye kujua na ujuzi wao, akafunga kanga, akaenda kuuliza. Siku tatu alizunguka nyumba za wagonjwa wote wa zahanati ile aliowafahamu. Watu wa Jumatatu walikuwa tisa, na macho yao hayakuwa na neno, pamoja na mzee mmoja aliyeanza rubisi jogoo wa kwanza na kulala nayo. Watu wa Alhamisi walikuwa saba ukimhesabu Rwezaura, na wanne kati yao walikuwa wanaharibikiwa. Deodatha, aliyekuwa akisuka mikeka mizuri kuliko wote, sasa aliutafuta ukindu kwa kupapasa.

Wote wanne waliona cheche kwanza. Lakini hakuna aliyemwambia mlangoni. Mlangoni wote walikuwa wazima, nyumba nzima, ng'ombe wazima. Ilibidi aketi, aletewe buni za kutafuna, salamu ziishe kabisa, mwenyeji aseme, "Haya, lete maneno," ndipo na yeye alipoletewa ya kwao. Ndivyo watu wenye adabu wanavyoishi huku, na Kokwijuka hakuona ajabu yoyote.

Akamwendea Cassian. "Bwana dresa, rubisi haina kosa. Ni sindano yako ya Alhamisi."

Cassian akacheka hadi wanga ukalia. "Dawa ya serikali? Mama, umesoma darasa la ngapi?"

"Sikusoma. Lakini kuhesabu mpaka saba najua, na wewe uliyesoma hukuhesabu."

Alhamisi ilipofika, daktari wa wilaya alikuja kukagua. Alikuwa Mzungu mfupi, mchovu, mwenye Kiswahili cha kueleweka. Kokwijuka akamshika Rwezaura mkono, akaipita foleni nzima pamoja na manung'uniko yake, akamkalisha mumewe mbele ya daktari kabla Cassian hajafungua mdomo. Akaeleza yote: wa Jumatatu tisa, wa Alhamisi saba, wanne wameharibikiwa, cheche kwanza, kisha giza la pembeni.

Daktari hakucheka. Alitoa kitaa kidogo chenye kioo, akalichungulia jicho la Rwezaura kwa muda mrefu, kisha la pili.

"Mshipa unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo umevimba, na umeanza kupauka," alisema. "Mama amesema kweli. Ni dawa. Asichomwe tena, nitambadilishia."

Kokwijuka akamgeukia Cassian, na hakuona haya kufurahi. Alilingoja jambo hilo maisha yake yote, kumwona mtu wa kaptula akitafuta pa kujificha.

Lakini daktari alikuwa bado anasema. "Jambo hili tunalijua. Ndiyo maana niliagiza, kabla ya kila sindano mgonjwa aulizwe macho. Cheche huja mapema. Ukiacha dawa hapo, macho mengi hupona. Cassian, uliwauliza?"

"Niliwauliza, bwana! Kila mtu, kila Alhamisi!" Akafungua daftari. Jina la Rwezaura lilikuwapo, na mbele yake Alhamisi saba, na kila Alhamisi imeandikwa: macho mazuri.

"Mama," daktari akauliza, "ni kweli aliuliza?"

Kokwijuka alifungua kinywa aseme mwongo huyu. Kisha akayasikia, masikioni mwake mwenyewe, maneno ya kila Alhamisi pale dirishani pa zahanati. Hamjambo? Hatujambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Za njiani? Nzuri. Macho je? Mazuri, bwana. Na aliyejibu hakuwa Rwezaura. Alikuwa ni yeye, kwa sauti kubwa, kwa sababu Rwezaura alikuwa mzito wa kuitikia naye hakutaka mumewe aonekane hana adabu. Walikuwa katikati ya salamu. Nani humwaga shida zake katikati ya salamu? Alingoja aambiwe lete maneno, na Cassian hakuwahi kusema lete maneno. Alisema, "Mwingine."

Na huyu Cassian alikuwa Mhaya, amelelewa kwa buni na salamu zilezile. Angeulizwa kwa mama yake, hata yeye angejibu hivyohivyo. Alijua kwamba jibu la salamu si jibu, akaona haraka ni bora. Kokwijuka alimtazama, akakuta naye ameshaelewa, na kwa mara ya kwanza wawili hao walifanana.

"Aliuliza," Kokwijuka akasema. "Nilijibu mimi."

Daktari akaandika. Alipoulizwa kama macho yatarudi, alisema pembeni hapatarudi. Hilo tundu, huenda likabaki. Huenda. Laiti ingekuwa sindano ya nne, alisema, lakini hakumaliza, kwa kuwa Kokwijuka alikuwa amefunika uso kwa kanga.

Wakashika njia ya Kimuli. Siku zote Rwezaura alitangulia na mkewe akafuata. Siku hiyo Kokwijuka alitangulia, na alitembea kimya, na nyuma yake alisikia miguu ya mumewe ikijikwaa kwenye mawe.

"Mama Eugenia, mbona umenyamaza?" Rwezaura akaita. "Ukipinda kidogo tu nakupoteza. Semasema, nikufuate."

Kokwijuka alitafuta neno zuri la kumpa, na hakuwa nalo. Basi akaanza na Cassian. Alimtukana kaptula, akamtukana daftari, akamtukana hadi aliyemfundisha kusoma, na Rwezaura akaifuata sauti hatua kwa hatua bila kujikwaa. Cassian alipokwisha, njia ilikuwa bado ndefu. Kokwijuka akavuta pumzi, akaanza kujitukana mwenyewe, kwa sauti kubwa, ili mumewe asipotee.