Staji ya Mwalimu Birindwa

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Birindwa alikuwa amefundisha umekanika bila kuchafua kucha. Alikuwa na daftari moja la notisi, na kila Septemba alilisoma kwa sauti ya padri anayesoma injili, wanafunzi wakaandika. Injini ya shule ilikuwa ubaoni, imechorwa kwa chaki za rangi tatu, na lazima tukubali kwamba ilikuwa injini imara. Haikuwahi kuharibika hata siku moja.

Ndipo wakubwa wa elimu wakakutana Himbi, kwenye ukumbi unaotazama ziwa, siku tatu nzima, wakijiuliza kwa nini vijana wa Goma wana diploma na kazi hawana. Jibu lilipatikana siku ya tatu, karibu na saa ya kugawa nauli: shule hazijui waajiri wanataka nini. Basi kila mwalimu wa ufundi aende staji, afanye mwezi mmoja mahali pa kazi halisi, na mwenye mahali hapo amjazie fishi, karatasi ya tathmini, na kumpa pointi juu ya ishirini. Asiyefikisha kumi atanyang'anywa darasa mpaka arudie.

Birindwa alilala vibaya. Bila darasa yeye ni nani? Mtaa mzima ulimwita Prof. Hata mkewe Miriam alimwita Prof, isipokuwa akikasirika.

Rafiki yake Baharanyi, aliyefundisha umeme katika shule hiyo hiyo isiyo na umeme, hakuwa na wasiwasi wowote. Alimjua mtu mwenye mashine ya fotokopi aliyeuza fishi zenye mhuri tayari.

"Weye unachagua pointi tu," alimweleza. "Mimi nimechukua kumi na nane. Ukichukua ishirini, batu bataanza kuuliza."

Tusimpake Birindwa mafuta ya utakatifu: angenunua. Ila mama prefe, mkuu wa shule, alikuwa amekwisha kumwandikisha kwenye garaji ya pikipiki huko Majengo, na mwenye garaji alikuwa Joviale. Huyo Joviale alikuwa mwanafunzi wake zamani. Birindwa alimfukuza darasani mwaka wa nne kwa kosa la kuuliza ni siku gani watagusa injini. Sasa alikuwa na wafanyakazi wanne, na foleni ya wenye pikipiki ilianza kabla jua halijapanda.

"Karibu, Papa Prof," Joviale alisema. "Uko na nguo ya kazi?"

"Niko na koti."

"Koti tuitundike kwa ule musumari. Itakungojea."

Wiki ya kwanza aliosha minyororo kwa petroli. Wiki ya pili akaruhusiwa kushika spana, na akitumwa kuleta ya kumi na mbili alileta ya kumi, kwa heshima zote. Alipochoka aliwaeleza wateja nadharia ya mwako, na wateja, watu waliokesha barabarani, wakapata usingizi mzuri sana.

Jumatano ya wiki ya tatu Joviale alikwenda kununua vipuri, na mteja mmoja aitwaye Tuyisenge akaacha pikipiki ambayo breki zake zilikuwa zinapiga kelele. Wafanyakazi walikuwa na kazi zao. Birindwa akaona saa yake imefika. Akafungua magurudumu yote mawili, akakuta vile vipande vinavyobana gurudumu ili lisimame, na akakumbuka notisi zake neno kwa neno: kila kipande kinachosuguana na kingine kipakwe grisi. Akapaka mbele, akapaka nyuma, hakufanya ubahili. Akafunga, akazungusha gurudumu. Kelele ilikuwa imekwisha kabisa.

Joviale aliporudi alifanya kama anavyofanya kwa kila pikipiki kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Aliipanda, akateremka nayo kuelekea chini. Mbele yake lori kutoka Rutshuru lilikuwa linashusha viazi. Akakanyaga breki ya nyuma, akabana ya mbele, na pikipiki ikaendelea na safari yake kimya kimya mpaka ndani ya magunia.

Viazi ndivyo vilivyomwokoa. Alirudi kwa miguu, mkono umevimba kwenye kifundo, uso hauna hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Birindwa.

"Papa Prof, umetia nini mu freni?"

"Grisi."

"Grisi."

"Ni mu notisi. Kila kipande yenye inasuguana..."

"Freni kazi yake ni kusuguana. Ukiondoa ile, inabakia na kazi gani?"

Joviale akaketi juu ya tairi, akaushikilia mkono wake.

"Banafunzi benu banakuyaka hapa na diploma," alisema taratibu. "Kila mumoja, mbele ya kumuachia freni, ninamulinda miezi sita. Bote banakimbilia mukebe ya grisi. Nilizani ni ugonjwa ya kizazi hiki. Kumbe ni notisi yako."

Usiku ule Birindwa hakula. Alipiga hesabu, bila kutaka: wanafunzi thelathini kwa mwaka, miaka kumi na tisa. Karibu watu mia sita walikuwa wametawanyika kutoka Goma hadi Bunagana, kila mmoja na mkebe wake, na wengi wao yeye mwenyewe aliwapa kumi na saba. Aliona aibu.

Mwisho wa mwezi Joviale alimjazia fishi kwa mkono wa kushoto. Sita juu ya ishirini. Chini aliandika: Anafika mapema. Anasikiliza. Asiguse freni.

Baharanyi alimngojea langoni mwa shule na fishi nyingine, yenye mhuri, kumi na saba imeandikwa vizuri. Birindwa aliishika muda mrefu. Kisha akamrudishia, akaingia ofisini na ile ya sita.

Mama prefe alizisoma mbele ya walimu wote. Kumi na nane. Kumi na saba. Kumi na tisa. Sita. Walimu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Darasa la umekanika likapewa Baharanyi, mtu mwenye kumi na nane, ambaye palepale aliomba daftari la notisi. Birindwa alikataa. Walidhani ni wivu.

Jumatatu asubuhi alikuwa Majengo, amevaa ovaroli ya kuazima iliyomfika katikati ya miguu. Joviale alikuwa anafungua mlango, mkono bado una bendeji.

"Staji yako iliisha, Papa Prof."

"Najua. Niliandikiwa sita. Nimekuya kutafuta ine zenye zinabakia."

Joviale alimtazama, akamtazama tena, akasogea ili apite.

"Ni kumi na ine," alisema. "Ingia."