Mkia wa Kusikia

Ardith aliniambia hatapanda gari siku tuliyokuwa tukichambua vitunguu mwitu barazani kwangu, mikono yetu yote inanuka mpaka kwenye viwiko.

"Jincy, safari hii Wendell ataenda peke yake."

"Na wewe utaishi wapi?"

"Kwako, kama utanipokea."

"Nikikataa?"

"Nitalala na kuku wako."

"Kuku wangu hawajazoea mtu anayekoroma," nikamwambia, na yeye akacheka, lakini macho yake hayakucheka hata kidogo.

Ardith na Wendell Fenske walikuwa wamisionari, watu weupe kutoka Kansas, na nyumba yao ilikuwa trela waliyoikokota kwa pikapu ya kijani. Kazi waliyotumwa ni kujifunza Kicherokee, lugha yetu, waichambue kitenzi kwa kitenzi mpaka waweze kuitungia kamusi na kuhubiri kwayo. Nusu ya mwaka walikaa kwetu Oklahoma, trela ikiwa imeegeshwa uani kwangu. Nusu nyingine walivuka mito na majimbo kwenda milima ya Carolina, kwa wale ndugu zetu ambao babu zao walijificha msituni wakakataa kuhamishwa na serikali kuja huku Oklahoma, ili wasikie kule maneno yanatamkwaje. Njiani walisimama kwenye makanisa ya wazungu wenzao, Wendell akahubiri, wakachangiwa mafuta ya gari na makopo ya nyama. Ardith alipanda maharage karibu na trela kila majira ya kuchipua, na kila mwaka maharage yalipokomaa yeye alikuwa yuko njiani, mimi ndiye niliyeyala.

Kusema kweli nilifurahi aliposema atabaki. Nilifurahi kupita kiasi. Mume wangu alikuwa amekufa, binti yangu alikuwa Tulsa akifanya kazi kiwandani, na wajukuu wangu walikuwa wakiniitikia kwa Kiingereza nikiwasalimia kwa lugha yangu. Ardith ndiye niliyeongea naye tangu asubuhi, tukisengenya, tukibishana, tukicheka makosa yake, mpaka makosa yakaisha tukabaki na kicheko tu. Nilimtaka yule mwanamke akae kwangu kama mtu anavyomtaka dada yake.

Lakini nilijua hasa kinachomkalisha. Dirisha la jikoni la trela lilitazama makaburi ya kanisa letu, na pale alilala Naomi.

Naomi alikuwa mtoto wao wa pekee, ana jino moja na sauti ya kunguru. Alishikwa na homa ya mapafu majira ya baridi, miaka miwili kabla ya siku ile ya vitunguu. Wendell alikuwa amekwenda Carolina kwa muda mfupi na pikapu. Barabara zilikuwa barafu tupu. Kaka yangu Eli alipanda farasi kwenda kumtafuta daktari, na waliporudi wote wawili, mtoto alikuwa ameshakata roho na mimi nimeshamfunga leso kidevuni. Wendell alifika kaburi likiwa limeshafukiwa. Alisimama pale kwenye upepo, akaomba sala nzuri sana, akamshika mkewe bega. Baada ya juma moja alikuwa amerudi kwenye vitenzi vyake.

Hakumuuliza mkewe chochote. Si siku ile, wala baadaye.

Sasa nieleze jambo la mikia, maana bila hilo hutanielewa. Kwetu huwezi kusema tu kwamba jambo fulani lilitokea. Kitenzi cha jambo lililopita lazima ukiwekee mkia, na mikia iko miwili. Mmoja unapitia puani, huo ni wa mtu aliyeona, aliyekuwepo. Wa pili unatoka wazi mdomoni, huo ni wa mtu aliyesikia tu. Si kama kusema "eti," kwa sababu anayesema "eti" anamdharau aliyempa habari. Mkia wa kusikia hauna dharau. Unasema tu: jambo lilikuwa, mimi sikuwepo.

Wendell alijifunza mkia wa kusikia kutoka kwenye hadithi za Sungura, Sungura alivyomwibia Fisimaji koti lake, Sungura alivyodanganya huyu na yule. Basi kichwani mwake akaamua kwamba mkia huo ni wa ngano na mambo ya kutunga, na ule wa puani ni wa mambo ya kweli. Na kwa kuwa kifo cha mwanawe kilikuwa kweli tupu, kila alipotoa ushuhuda kanisani alisema, "Binti yetu alikufa," kwa mkia wa puani. Kama mtu aliyekuwa amempakata.

Mara ya kwanza tulipomsikia, kanisa zima lilitazama viatu. Sisi si watu wa kumsahihisha mgeni mbele za watu, tena mgeni aliyefiwa. Akasema tena kwenye kanisa la pili, na la tatu, na popote walipokuwepo Wacherokee wa kumsikiliza, na kila alipolitamka neno lile nilimwona Ardith anafumba macho. Sikio lake lilikuwa kali kuliko la mumewe. Kwa wazungu wenzao, kwa Kiingereza chao, "alikufa" ni "alikufa" tu, hakuna anayejua nani alikuwepo na nani hakuwepo. Kwetu alikuwa anasema uongo kila Jumapili na yeye mwenyewe hajui.

"Niache nimwambie," nilimwambia Ardith siku ile, vitunguu vikiwa vimeshaisha. "Neno moja tu. Nitamvuta pembeni, 'We shemeji, njoo hapa.'"

"Usithubutu."

"Kwa nini? Hivi unaona raha kuumia?"

"Nikimfundisha mimi, au wewe, atasema vizuri kwa sababu kafundishwa. Nataka siku moja ajue mwenyewe kwamba hakuwepo." Akafuta mikono kwenye aproni. "Halafu mkia ule hata mimi nauogopa, Jincy."

Nilijua anaogopa nini, kwa hiyo nikaenda kukaanga mayai. Kati ya watu wote, mimi tu nilijua.

Wendell alipangiwa kuondoka Jumatatu baada ya siku ya kusafisha makaburi. Siku hiyo huja mwezi wa tano, watu wote wa kanisa wanakuja na majembe na vyungu, tunapalilia, tunaweka maua, tunakula kwenye meza ndefu nje. Yeye alidhani mkewe anabaki kidogo kupumzika na atamfuata kwa basi. Ardith hakuwa amemwambia kwamba hana mpango wa basi lolote.

Siku moja kabla ya kusafisha, Eli alikuwa uani kwangu akinoa majembe kwa tupa, na Wendell akamwekea kinasa sauti chake juu ya gogo.

"Mzee Eli, nipe hadithi yoyote. Ya kweli, ya maisha yako."

Eli anapenda kusikilizwa kuliko anavyopenda kula. Akakohoa, akajiweka sawa, akaanza kusimulia jinsi nyumba yake ya kwanza ilivyoungua. Moto ulivyoanzia kwenye bomba la jiko, majirani walivyotoa kitanda kupitia dirishani, paa lilivyoanguka. Kila kitenzi kikatoka kwa mkia wa kusikia.

Wendell akasimamisha mashine. "Samahani, mzee. Nafikiri umekosea mkia."

Nilikuwa napukuchua mahindi, nikauma ulimi nisicheke. Eli akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba suruali yake ni ya jirani.

"Nimekosea nini?"

"Umeisimulia kama ngano. Kwani nyumba haikuungua?"

"Haikuungua vipi? Misumari yake ninayo kwenye kopo mpaka leo, unataka nikuletee uilambe?"

"Basi kama ni kweli..."

"Shemeji, nilikuwa Korea! Nilikuwa nimelala kwenye shimo na bunduki, miguu imeganda. Nyumba ilikuwa hapa na mimi nilikuwa kule. Mke wangu ndiye aliyeona. Unataka nijifanye nami niliona? Akinisikia huko aliko atanirushia sufuria."

Eli akacheka mwenyewe, akarudi kwenye tupa yake. Wendell hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye kitufe cha mashine. Nikaona rangi inamtoka usoni, polepole, kuanzia kwenye paji la uso, na nikajua kwamba anahesabu kichwani makanisa yote aliyosimama.

"Mzee Eli," akasema. "Kwa hiyo mtu ambaye hakuwepo..."

"Hakuwepo," Eli akamwambia. "Si dhambi. Anasema hakuwepo, basi."

Wendell akachukua mashine yake akaingia ndani ya trela. Chakula cha jioni hakukigusa. Ardith akaniuliza kwa macho kuna nini, nami nikainua mabega, kwa sababu jambo lile lilikuwa la Wendell kulisema mwenyewe.

Kesho yake tulipalilia mpaka jua likawa kali. Mchungaji wetu, kama kawaida ya siku ile, akawaita wenye makaburi waseme neno kabla ya kula. Zamu ya Wendell ilipofika alisimama kichwani pa kaburi la Naomi, kofia mkononi. Ardith alikuwa upande wa pili na reki. Mimi nilikuwa nyuma yake na jembe langu.

"Binti yetu Naomi," akaanza, kama alivyoanza siku zote. Kisha akakwama. Mtoto wa mtu alikuwa analia kule mezani na mama yake akamnyamazisha.

"Binti yetu Naomi alikufa," akasema.

Kwa mkia wa kusikia.

Vichwa vyote viliinuka. Mama mmoja mbele yangu alivuta pumzi kwa nguvu. Wendell hakututazama sisi. Alimtazama mkewe, na akaendelea kwa lugha yetu mbele ya watu wote, pengine kwa sababu lugha yake mwenyewe ilikuwa imemficha muda mrefu.

"Mimi sikuwepo. Nimesema nilikuwepo, nimelisema kila mahali, na sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Ardith, niambie ilikuwaje."

"Hapa?"

"Popote utakapo."

Nikageuka nikawafukuza watu. "Haya, mezani, kuna nini cha kutazama? Maharage yanapoa." Walikwenda, wengine wakijifuta macho kwa mikono ya nguo zao. Nami nilikuwa nimeshainua mguu niwafuate, Ardith akanishika gauni.

"Wewe kaa."

Akaketi chini kwenye udongo tuliotoka kuulima. Wendell akaketi pia, suruali yake ya kanisani na yote. Ardith akaanza kumweleza. Jinsi homa ilivyoanza, jinsi kikohozi kilivyobadilika sauti, jinsi tulivyochemsha maji na kumfukiza, jinsi Naomi alivyomng'ata Eli kidole kwa lile jino lake moja kabla Eli hajapanda farasi. Hapo wote wawili wakacheka kidogo, na ilikuwa ajabu kuwasikia. Maneno yote yalipitia puani, kitenzi kwa kitenzi, mtu aliyeona. Miaka miwili alikuwa ameyabeba akingoja mtu amuulize.

Kisha akafika mwisho. Akachukua donge la udongo akalivunja.

"Halafu akafa," Ardith akasema.

Na mkia uliotoka mdomoni mwake ulikuwa wa wazi. Wa kusikia.

Wendell akadhani amesikia vibaya. Nilimwona akigeuza shingo kidogo, kama mwanafunzi anayetaka neno lirudiwe.

"Maji yalikuwa yameisha," Ardith akasema. "Nilikwenda kisimani. Kamba ilikuwa imeganda, nikachelewa. Niliporudi alikuwa ameshakwenda. Wendell, mimi pia sikuwepo. Nimekuhukumu kila Jumapili kwa mkia ambao hata mimi sina."

Sijawahi kumwona mtu akilia vile bila sauti. Mumewe alimvuta akamkumbatia, na huko mezani hakuna aliyegonga hata sahani. Kisha Wendell akainua uso juu ya kichwa cha mkewe, akanitazama mimi. Ardith naye akageuka.

Nilikuwa peke yangu duniani mwenye mkia wa kuona. Ardith hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema, kwa sababu nilijua kwamba lile alilokuwa analikosa ndilo lililomfanya asogee karibu nami, mwaka hadi mwaka, na ndilo lililomfanya aseme atabaki. Ningewapa hilo, Jumatatu wangepanda gari wote wawili. Nilijua hivyo waziwazi kama ninavyojua jina langu. Na nilitamani, Mungu anisamehe, nilitamani sana abaki.

Nikaweka jembe chini nikaketi nao.

"Nilikuwa nimempakata karibu na jiko," nikasema. "Alikuwa amekamata kifungo cha sweta yangu, hiki cha juu. Ulipofungua mlango kutoka, baridi iliingia, akageuza kichwa kuufuata mlango. Akatazama pale ulipopita. Hakulia. Akavuta pumzi, akaitoa, nikangoja nyingine, haikuja. Kifungo hakukiachia mpaka nilipomfungua vidole."

"Alitazama mlango?" Ardith akauliza.

"Alikutazama wewe."

Ardith akairudia sentensi yangu polepole, kama tulivyokuwa tukifanya jikoni alipokuwa bado anajifunza, na kila kitenzi akakiwekea mkia wa kusikia. Kisha Wendell akairudia baada yake, neno kwa neno, mkono wake juu ya udongo. Nilisikiliza mpaka mwisho. Hapakuwa na cha kusahihisha.