Lori la Kwenda Mtoni

Baba aligonga paa la kabini mara mbili kwa fimbo, na dereva akasimamisha lori. Hiyo ndiyo ishara waliyokubaliana: ng'ombe amelala. Hata Wajir tulikuwa hatujafika.

Nilishuka, nikapanda mbao za ubavuni nikachungulia. Baba yangu, Rage, mtu wa miaka sitini na saba, alikuwa katikati ya ng'ombe ishirini na wawili kana kwamba yumo zizini mwake. Alikuwa ameshika mkia wa ng'ombe mwekundu kwa mikono miwili, bega amelitia kwenye paja la mnyama, huku akimsemesha polepole kwa jina. Ng'ombe alijikusanya, akatetemeka, akasimama. Baba aliponiona aliniambia nirudi mbele, jua ni kali.

Lori lile nililitafuta mimi, Idman.

Wakati huo nilikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja wa Garissa, na kazi yangu ilikuwa kuamua kitu gani kisafirishwe na nini. Unga kwa lori. Maziwa ya ngamia kwa gari dogo liendalo mbio, kabla hayajaharibika. Maji na kuni kwa mkokoteni wa punda. Mgonjwa, kwa chochote kitakachotangulia kuondoka. Nilijua barabara ipi hukatika mvua ikinyesha, na nilijua kwamba malori yanayopeleka unga Wajir hurudi matupu, na kwamba dereva atakubali nusu ya nauli kuliko kubeba upepo. Watu walinipigia simu kutoka Diff, kutoka Dadaab, kuniuliza. Nilikuwa nimezoea kuwa sahihi.

Ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua. Ng'ombe wa baba, waliokuwa tisini, walibaki hao ishirini na wawili, nje kidogo ya Griftu. Ami yangu Abdilatif, mwenye shamba kando ya Mto Tana, alituma habari kwamba mabua ya mahindi yapo, tuwalete. Likabaki suala la kuwafikisha. Baba alitaka kuwaswaga kwa miguu, kama alivyofanya katika ukame mwingine wote wa maisha yake. Kwa mwendo wao, alisema, ni siku ishirini. Nilisafiri hadi Griftu kumtoa katika wazo hilo.

Nilimtajia visima vilivyokauka, kimoja kimoja. Nilimwambia lori litafika kwa siku mbili. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Ng'ombe dhaifu akichoka njiani hulala, akipumzika huinuka,” alisema. “Ndani ya lori, akilala hukanyagwa.”

“Aabo, kutoka hapa hadi Modogashe hakuna hata unyasi mmoja. Watakula nini hizo siku ishirini?”

Alimtazama kaka yangu Abdimalik, kisha akanitazama mimi.

“Basi lori,” alisema. “Lakini nitapanda nyuma pamoja nao.”

Sikubisha. Nililiona ni jambo dogo, la kumwachia mzee asije akahisi ameshindwa kabisa. Siku ile yaliamuliwa mambo mawili, nami nilishindania moja tu. Abdimalik aliwachukua mbuzi wetu akaondoka nao kwa miguu. Mbuzi wanajua kujitafutia, alisema.

Tulipopita Habaswein, mbingu upande wa kusini ilikuwa imegeuka rangi ya chuma. Dereva, Mustaf, mtu wa maneno machache, alitoa mkono dirishani, akaurudisha ndani ukiwa na tone moja kubwa, akaniangalia. Sote wawili tulicheka. Miaka mitatu! Juu yetu nilimsikia baba akimshukuru Mungu kwa sauti, na nilifurahi kwamba tupo pamoja kuiona mvua ile.

Haikupita nusu saa, barabara ikawa uji. Lori lilipinda ubavu, likazama hadi kwenye ekseli.

Ng'ombe aliyekondeana hana kitu cha kumkinga na baridi. Mvua ya kwanza humuua upesi kuliko kiu. Kila mtoto wa mfugaji anajua hivyo, na mimi nilijua. Ila katika hesabu zangu zote za safari ile, mvua niliihesabu kuwa jambo la magurudumu tu.

Sakafu ya lori, kwa samadi na maji, iliteleza kama sabuni. Fimbo iligonga paa mara mbili, tena mara mbili, kisha ikagonga bila hesabu. Tusingeweza kuwashusha, kutoka pale juu hadi chini ni kimo cha mtu, na miguu ile ingevunjika kama vijiti. Mustaf na utingo wake walianza kujaza udongo nyuma ya lori ili iwe njia ya kuteremkia. Walikuwa na sepeto moja. Mimi nilichimba kwa sufuria ya chai. Mvua ilikuwa ikibomoa nusu ya kila tulichokijenga, na kazi hiyo ilituchukua hadi alasiri. Hatukutambua ni saa ngapi fimbo ilinyamaza.

Ubao wa nyuma ulipofunguliwa, ng'ombe tisa walishuka kwa miguu yao.

Baba alikuwa pembeni, nyonga imebanwa kati ya mbao na yule ng'ombe mwekundu aliyemwangukia. Hakuwa akilia wala kuita. Alikuwa ameshika pembe zote mbili, amekiinua kichwa cha mnyama ili pua isiingie majini. Mustaf alimwambia kwa upole kwamba ng'ombe amekwisha kufa. Baba aliitikia kwamba anajua. Lakini hakuachilia mpaka tulipomfungua vidole.

Tulifika hospitali siku ya tatu, barabara ilipokauka. Daktari alituambia mfupa wa nyonga utaunga, ila hautaunga sawasawa tena. Kati ya wale tisa, watano waliishi. Abdimalik alitokea baada ya wiki nne, amebaki na nusu ya mbuzi. Baridi ya mvua ileile iliwaua wengine. Kwa hiyo sijui. Kuna walionifariji kwamba hata kwa miguu ng'ombe wangekufa. Kuna waliosema, wakidhani sisikii, kwamba wangekuta nyasi mbichi siku ya kumi. Nimeishi na kauli hizo mbili kama mtu aliyeolewa nyumba yenye wakwe wasiosemezana.

Baba anaishi nami Garissa sasa. Pikipiki hawezi kuipanda, mkokoteni humuumiza. Mtu aliyetembea kutoka Griftu hadi mtoni mara nne hawezi kufika msikitini, hatua mia tatu, bila kuitiwa tuktuk. Habari ya lori hajawahi kuitaja. Ile kazi niliiacha, nikafungua duka la nguo, na wanaonipigia kuuliza habari za safari huwaambia siku hizi sijui.

Mwezi uliopita Mzee Maow, jirani yetu wa zamani wa Griftu, alikuja nyumbani. Mvua imekosekana tena. Ana ng'ombe kumi na sita anaotaka kuwaleta mtoni, na alikuja kuniuliza: kwa miguu au kwa lori? Nilimmiminia chai. Nilimwambia nimeiacha kazi hiyo. Aliuliza tena, kwa adabu, kama mtu asiye na pengine pa kwenda.

“Lori,” alisema baba.

Tulidhani amelala pale mkekani. Alizungumza macho akiwa ameyafumba, kwa utulivu, kama mtu ambaye amekuwa akiyapanga maneno yake miaka miwili: wapakie wachache, mwaga mchanga mzito sakafuni, simama kila mji, na ukiona wingu lolote kusini usiondoke.

“Na wewe ukae mbele,” alimaliza. “Namba ya dereva, binti yangu atakupa.”

Nilitoa simu, nikaitafuta namba ya Mustaf. Nilimsomea Mzee Maow tarakimu mojamoja, naye akawa anairudia kila moja. Ilinibidi nianze upya mara mbili.